Programu za malori zianzie kwenye mizani, si kwenye ramani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wenye malori, mawakala wa forodha na wenye viwanda wanaopitisha mizigo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, Bujumbura, Lubumbashi na Lusaka. Kampuni nyingi sasa zinanunua programu za kusimamia usafirishaji, na ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mwenye kampuni akiulizwa programu yake inamsaidia nini, mara nyingi hutoa simu mfukoni na kuonyesha ramani yenye nukta za kijani na nyekundu: lile pale lipo Makambako, lile limesimama Tunduma. Kujua lori liko wapi ni sehemu ndogo ya kazi. Lori lililozuiwa kwenye mizani ya Vigwaza, kituo cha barabarani cha kupimia uzito wa magari, litaonekana vizuri kabisa kwenye ramani, na bado limezuiwa. Kosa lililolizuia lilifanyika yadi jana yake, mtu alipojaza uzito usio sahihi, na pale ndipo programu ilipotakiwa kupiga kelele.

Tanzania ilianza kuitumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, tarehe 1 Machi 2019. Ukomo wa juu kabisa ni tani 56, lakini hizo ni za gari lenye ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu. Gari tulilozoea kuliona barabarani, yaani kichwa chenye ekseli tatu kikivuta semitrela ya ekseli tatu, linaishia tani 50: ekseli ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, na tatu za tela tani 24. Nafuu ya kuzidi kwa asilimia 5 imebaki kwenye ekseli. Kwenye uzito wa jumla haipo.

Sasa fungua programu nyingi zinazouzwa, uangalie ukurasa wa kuandaa safari. Utakuta kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "uzito". Kisanduku hicho kimoja kinazaa makosa mawili.

La kwanza ni kuchanganya uzito wa mzigo na uzito wa mzigo pamoja na kontena. Kontena tupu la futi 40 lina karibu tani 3.8, la futi 20 lina zaidi kidogo ya tani 2. Karani akichukua tani 26 za mzigo kutoka kwenye orodha ya bidhaa na kuziandika kama ndizo zitakazopanda kwenye tela, lori linatoka getini likiwa na karibu tani 4 ambazo mfumo haujui kama zipo. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kila kontena linalopakiwa melini lazima liwe na uzito uliothibitishwa, na uzito huo unahesabu kontena lenyewe. Basi kwa kontena lililoshuka melini, chukueni uzito huo, na programu iwe na visanduku vitatu: mzigo, kontena, na jumla inayojihesabu yenyewe. Jumla isiruhusiwe kuandikwa kwa mkono.

Uzito wa lori lenyewe nao usichukuliwe kwenye kadi ya gari. Lipimeni lori tupu likiwa na tangi lililojaa na vifaa vyake vyote: turubai, minyororo, matairi ya akiba. Lita 800 za dizeli peke yake ni karibu kilo 670. Vigwaza iko karibu sana na Dar es Salaam, kwa hiyo lori linafika pale likiwa bado na mafuta karibu yote liliyojazwa. Anayepanga mzigo kwa kutumia uzito wa lori lenye tangi tupu amejipunja zaidi ya nusu tani kabla hata ya kuanza safari.

Kosa la pili ni zito zaidi, na ndilo linalowashangaza madereva: jumla iko sawa, lakini ekseli zimezidi. Chukulia semitrela ambayo kutoka kwenye pini yake ya mbele, ile inayokaa juu ya kichwa, hadi katikati ya ekseli zake tatu ni mita 7.5. Kichwa kina tani 9: usukani 5.2 na ekseli za nyuma 3.8. Tela tupu lina tani 7, ambapo 5 zinakaa kwenye ekseli zake na 2 zinaegemea kwenye pini. Unapakia tani 30. Jumla ni 46, pungufu ya tani 4 kwenye ukomo. Karani anafurahi na anagonga mhuri.

Lakini wapakiaji walianzia mbele wakapanga wakirudi nyuma, mizigo mizito ikatangulia, na kiini cha uzito, yaani pale mzigo wote ungesimama sawa bila kuelemea mbele wala nyuma, kikaangukia mita 3.7 kutoka kwenye pini. Hesabu yake ni hii. Ekseli za tela zinapata 30 mara 3.7 gawanya kwa 7.5, yaani tani 14.8, ongeza 5 zake za mwanzo, ni 19.8. Hapo pako salama. Zinazobaki, tani 15.2, zinaenda kwenye pini. Ongeza 2 za tela lenyewe, ni 17.2. Kwenye vichwa vingi karibu sehemu moja ya kumi ya mzigo wa pini huenda kwenye usukani na iliyobaki huzibana ekseli za nyuma ya kichwa. Basi ekseli hizo zinapata 15.48, ongeza 3.8, ni tani 19.28. Ukomo ni 18. Hata ukiihesabu nafuu ya asilimia 5, ukomo unafika 18.9, na lori bado limezidi.

Sogeza mzigo uleule nusu mita nyuma, kiini kikae mita 4.2. Ekseli za nyuma ya kichwa zinashuka hadi tani 17.48, za tela zinapanda hadi 21.8, usukani unabaki 6.72. Jumla ni ileile 46, na lori linapita. Nusu mita imehamisha tani 2 kutoka kwenye pini. Hakuna mfuko hata mmoja ulioshushwa.

Kompyuta inamaliza hesabu hii kabla karani hajainua kidole, lakini haiwezi kuianza bila vipimo: urefu kutoka kwenye pini hadi katikati ya ekseli, uzito wa kila kundi la ekseli lori likiwa tupu, na mahali kila rundo la mzigo lilipokaa. Vipimo vya gari vinachukuliwa mara moja, kwa futi ya fundi, na kuhifadhiwa kwa namba ya tela na namba ya kichwa, kila kimoja peke yake, kwa sababu vichwa na matela hubadilishana kila siku. Programu inayohifadhi "lori" kama kitu kimoja itaharibika siku ya kwanza kichwa kitakapopelekwa gereji na tela lake likavutwa na kingine. Ukiwa unanunua, uliza swali hili kabla ya kuuliza bei.

Kwa kontena lililofungwa lakiri huwezi kujua ndani vitu vimepangwaje. Hapo tunatumia njia ya kawaida: kiini kichukuliwe katikati ya kontena, lori lipimwe ekseli kwa ekseli kwenye mizani yoyote ya kulipia kabla ya kuingia barabara kuu, na majibu ya mizani hiyo yaingizwe kwenye mfumo dhidi ya makisio. Baada ya safari chache za mteja yuleyule utaanza kuona: mizigo ya huyu huelemea mlangoni, ya yule huelemea mbele. Taarifa hiyo ni mali.

Namba ya kontena ni mlango mwingine wa hasara. Ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya saba iliyochorwa ndani ya kijisanduku. Watu wengi hudhani hiyo ya mwisho ni namba kama nyingine. Kazi yake ni kuzihakiki zilizotangulia. Tuchukue CSQU3054383, namba inayotumika sana kufundishia. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Alama ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaendelea kuongeza maradufu hadi ya kumi ambayo ni 512. Ukijumlisha unapata 6,185. Gawanya kwa 11, kinabaki 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akikosea akaandika 3045 badala ya 3054, jumla inakuwa 6,249 na kinabaki 1. Mwisho wa namba bado pameandikwa 3. Programu iliyoandikwa vizuri inakataa palepale.

Bila ukaguzi huo, kosa linasafiri. Linaingia kwenye hati ya kutolea mzigo, kwenye karatasi ya geti na kwenye kibali cha kupita nchi, na linagunduliwa lori likiwa limeshapanga foleni. Kurekebisha hati kunaweza kula siku nzima, na muda wote huo kontena linaendelea kulipiwa. Niseme pia mpaka wa ukaguzi huu: unathibitisha kwamba namba imeandikwa kwa kanuni, hauthibitishi kwamba ndiyo kontena lako. Kwa hilo piga picha ya mlango wa kontena, namba na lakiri vikionekana kwenye picha moja.

Sasa nije kwenye saa, jambo ambalo programu zilizotungwa ughaibuni hazilijui kabisa. Dereva wetu akifika kwa mteja saa tatu asubuhi huandika "saa 3". Mfumo unasoma saa tisa ya usiku. Akianza kushushiwa saa nane mchana, mtu wa ofisini aliyezoea kompyuta anaandika 14:00. Lori limesubiri saa tano, mfumo unasema kumi na moja. Mteja anapelekewa ankara ya kusubiri yenye saa sita za ziada, anaikataa, na kuanzia hapo anakataa hata zile tano za haki. Usiku ndiyo mbaya zaidi. Dereva anayesema "Jumatatu saa saba usiku" huenda anazungumzia saa moja baada ya usiku wa manane, ambayo kwenye kalenda ya kompyuta ni Jumanne. Hapo unakosea siku nzima.

Dawa ni kutompa dereva mahali pa kuandika saa. Simu yake iwe na vitufe vinne vikubwa vya Kiswahili: Nimepakia, Nimeondoka, Nimefika, Nimeshusha. Akibonyeza, simu ichukue saa na mahali yenyewe. Pakiwa hakuna mtandao, simu iweke kumbukumbu na kuituma baadaye ikiwa na saa ya kubonyeza, si saa ya kutuma. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoharibu ripoti nyingi: lori linapita porini usiku kucha bila mtandao, asubuhi linapata mnara, taarifa arobaini zinaingia kwa mkupuo, na mfumo unaonyesha vituo vyote vilipitwa ndani ya dakika moja.

Kisha kuna mpaka. Rwanda, Burundi, Zambia na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Lori linaondoka upande wa Tanzania pale Rusumo saa 14:10 na kuonekana upande wa pili saa 13:25. Nimeona programu zinazotupa safari kama hiyo kwa sababu muda umetoka hasi, na nyingine zinazoandika sifuri kimyakimya. Saa zote zihifadhiwe kwa kipimo kimoja cha dunia, na zibadilishwe kuwa za mahali husika wakati wa kuonyesha tu. Muulize muuzaji akuonyeshe safari moja ya Kigali, kwenda na kurudi. Ukiona mwendo wa kwenda ni mfupi kuliko wa kurudi kwa saa mbili kamili bila sababu, umeshapata jibu.

Kuhusu ramani zenyewe nitasema kwa ufupi, maana ndizo zinazosifiwa kuliko zote. Makadirio ya muda ya ramani za simu yametengenezwa kwa gari dogo. Lori zito lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, 50 penye makazi, linasimama kwenye mizani za Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba, na linapanda milima kwa mwendo wa baiskeli. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Msimwahidi mteja kwa hesabu ya ramani. Chukueni safari zenu wenyewe za miezi mitatu, mgawe njia vipande vipande, mizani hadi mizani, na mtumie muda wa katikati wa kila kipande, ule unaoangukia katikati mkizipanga safari kuanzia fupi hadi ndefu. Wastani msiutumie, kwa sababu lori moja lililoharibikia Mikumi siku nne litauvuruga wote.

Uzio wa ramani, yaani eneo mnalochora ili mfumo useme lori limefika, nao uchorwe kwa akili. Duara la nusu kilomita kwenye kituo cha Tunduma halitaona foleni inayoanzia mbali nyuma. Lori litakaa siku mbili kwenye foleni na mfumo utaandika "liko njiani". Ukilipanua duara hadi kilomita tano, utahesabu hata lililosimama kununua chakula. Chora umbo linalofuata barabara, na uzitenge foleni, yadi ya forodha na upande wa pili wa mpaka. Hapo ndipo utajua siku zinapotelea wapi, kwa wakala wako, kwenye foleni, au kwa dereva.

Kifaa chenyewe kiungwe kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri kupitia fyuzi yake. Fundi akikiunga kwenye waya wa swichi, dereva akizima gari usiku kifaa kinalala, na usiku ndiyo saa ya wezi. Laini ya simu iliyomo ndani iwe imefunguliwa kutumika nje ya nchi na ijaribiwe kabla. Lori linalotoweka kila likivuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, kwa kawaida halijaibwa. Laini imekataliwa mtandao.

Mafuta yanagombanisha watu kuliko kitu kingine, kwa hiyo niyape nafasi. Kihisi cha tangi hakipimi lita, kinapima kimo. Kukigeuza kimo kuwa lita kunataka jedwali la tangi lile, na jedwali hupatikana kwa njia moja: lori lisimamishwe mahali tambarare, tangi lijazwe lita 20 kwa 20, na kila hatua usomaji uandikwe hadi lijae. Ni kazi ya karibu saa mbili kwa tangi la lita 400. Mafundi wengi huiruka na kuweka jedwali la tangi jingine linalofanana. Matokeo yake ni tuhuma za uongo kwa madereva. Lori lenye matangi mawili linahitaji vihisi viwili. Ukiweka kimoja, mafuta yakihamia upande wa pili mfumo unasema yamenyonywa. Na Mlima Kitonga humtia matatani hata dereva mwaminifu: lori likiinama, mafuta yanakimbilia upande mmoja wa tangi na kimo kinashuka ghafla kana kwamba mtu amefungua bomba. Programu isikubali kushuka kokote kama upotevu mpaka gari liwe limesimama dakika kadhaa, na kimo kisiwe kimerudi baada ya kufika tambarare. Kabla meneja hajamwita dereva, aangalie lori lilikuwa mahali gani.

Kiwango cha mafuta kiwekwe kwa uzito na kwa kipande cha njia. Chukulia lori linatumia lita 45 kwa kilomita 100 likiwa na mzigo, na 30 likiwa tupu. Kwa kilomita 900 hizo ni lita 405 kwenda na 270 kurudi. Kampuni inayogawa lita sawa kwenda na kurudi inamfanya dereva aishiwe akiwa na mzigo na abaki na ziada akiwa mtupu, kisha inashangaa ziada inaenda wapi.

Makontena yana saa mbili zinazokimbia kwa pamoja, na programu nyingi zinahesabu moja tu. Ipo ya bandarini au bandari kavu, inayohusu kontena kukaa pale. Ipo ya kampuni ya meli, inayohusu kontena lao kukaa mikononi mwako, na hii haisimami mpaka litakaporudishwa tupu kwenye yadi waliyoitaja. Siku za bure hutofautiana kwa kampuni na kwa mkataba, kwa hiyo zijazwe kwa kila hati ya shehena, zisiwekwe kama namba moja ya wote. Tahadhari ije siku tano kabla, maana ikija siku ya mwisho lori liko Lubumbashi na hakuna la kufanya. Na karatasi ya kurudishia kontena ipigwe picha palepale getini. Bila karatasi hiyo, pesa ya dhamana ya kontena hairudi kirahisi.

Hapo tunafika kwenye pesa. Kampuni hulipwa kwa hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na kugongwa mhuri. Hati hiyo ikisafiri na dereva kurudi Dar es Salaam, ankara inachelewa kwa siku zote za kurudi, pamoja na siku za kusubiri mzigo wa kurudi nao. Picha inayopigwa kwa mteja, mhuri ukisomeka na idadi ya vifurushi vilivyopungua au kulowa ikionekana, inaruhusu ankara kutoka siku ileile. Mfumo usikubali kufunga safari bila picha hiyo. Hati yenyewe iendelee kuletwa, kwa sababu wapo wateja ambao hawalipi bila karatasi halisi. Gharama za njiani ziingizwe kwa sarafu zilizolipwa, kwacha au faranga, na kwa kiwango cha siku ile zilipolipwa. Ukizibadilisha zote mwisho wa mwezi kwa kiwango kimoja, hutajua safari ipi ilileta faida.

Kuna neno kuhusu madereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mahali alipo mtu saa zote ni taarifa yake binafsi. Dereva aambiwe kwa maandishi nini kinarekodiwa, nani anaona na kwa muda gani kitahifadhiwa. Simu yake ya mkononi isifuatiliwe akiwa mapumziko, fuatilieni lori. Dereva anayehisi anawindwa atakizima kifaa. Anayejua kwamba rekodi ileile ndiyo iliyothibitisha alisubiri kwa mteja saa kumi na nne, na akalipwa posho yake, atakilinda.

Kwa anayetaka kuanza: msianze na malori yote. Chukueni matano ya njia moja, miezi miwili, karatasi na programu vikienda sambamba. Kila Jumamosi vilinganishwe, safari kwa safari, na tofauti itafutiwe sababu. Kabla ya kusaini mkataba mpeni muuzaji safari kumi zenu za mwezi uliopita, zikiwemo zile zilizoharibika: lililozidi ekseli, lililobadilishiwa kichwa Morogoro, mzigo uliogawanywa kwa malori mawili, kontena lililorudishwa yadi tofauti. Azijaze mbele yenu. Safari zake za mfano hupita siku zote. Na mkataba useme wazi kwamba mkiachana mtapewa taarifa zenu zote katika jedwali linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, bila malipo ya ziada.

Ninalo ombi moja kwa TATOA na TAMSTOA, vyama vya wenye malori. Leo kituo kimoja kina majina manne kwenye mifumo minne: Mpemba, Mizani Mpemba, Tunduma Mizani, na kifupi alichobuni karani. Kampuni mbili zikishirikiana mzigo haziwezi kubadilishana taarifa bila mtu wa kukaa anatafsiri. Vyama viwili hivi vikae na kutoa orodha moja ya majina na vifupi vya mizani, mipaka, bandari kavu na vituo vya ukaguzi vya njia zote mbili, ya kati na ya Tunduma, pamoja na mahali pake kwenye ramani. Ni karatasi chache tu. Wauzaji wa programu wataifuata wakijua wanunuzi wote wanaidai.

Wako,
Mpangaji wa safari za malori,
Kurasini, Dar es Salaam